Nusu ya Habari za Nguzoni

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza juu ya mikoko, Mashavu alikuwa amekwisha kufagia uwanja na kuchota maji kisimani. Kazi iliyobaki ndiyo iliyokuwa ngumu: kumvalisha mdogo wake Nusaiba sare ya shule. Nusaiba alikuwa darasa la pili na hakujua kutulia. Ukimfunga kifungo cha juu, cha chini amekwisha kukifungua, na mdomo haupumziki.

"Dada, kwa nini jogoo wa kina Abbasi anawika kama mtu anayekohoa?"

"Kamuulize jogoo."

Nusaiba angekwenda kweli kumuuliza jogoo, maana lolote alilosema dada yake kwake lilikuwa kweli tupu. Siku moja Mashavu alimwambia kwa utani kwamba mtoto akimeza mbegu ya papai itamwotea tumboni, na Nusaiba akashinda mchana kutwa amelala chali, akisubiri majani yatokeze mdomoni.

Kijiji chao kilikuwa ndani ya delta ya Rufiji, upande wa Mbuchi, penye matope, mpunga na kamba, wale kamba wa kuliwa. Msimu huo mpunga ulikuwa umeanza kuiva, kwa hiyo mama yao alikuwa amehamia shambani, ng'ambo ya Mto Kinyasi. Huko alikaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti mirefu, akiamia ndege wasimalize mpunga. Kila mchana Nusaiba alimpelekea chakula. Alishuka mtoni na kapu lake, Mzee Mtoro akamvusha kwa mtumbwi, na jioni akamrudisha.

Nyumbani walibaki na Bibi Zabibu, mama yake mama. Bibi alikuwa mcheshi. Hakumwita Mashavu kwa jina lake. Alimwita "mdogo wangu", na Mashavu aliuona huo kuwa utani wa bibi na mjukuu. Jambo moja tu Bibi hakulifanya: hakushuka mtoni. Ukimwambia twende tukamwone mama shambani, alishika magoti na kusema yanauma. Magoti hayo hayo kwenye ngoma za harusi yalikuwa mazima kabisa.

Ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na moja, na mambo yalikuwa yakibadilika kijijini. Duka la ushirika, ambalo zamani watu walipanga foleni kutwa kungoja kipande cha sabuni, lilikuwa limefungwa, na popo wamelifanya kwao. Sasa sabuni ilikuwa kila mahali, ili mradi uwe na cha kuinunulia. Wanunuzi wa kamba walikuja kutoka mjini na masanduku ya barafu. Abbasi, aliyesoma darasa moja na Mashavu, alikuwa na mjomba mwenye boti ya mashine. Vijana walivaa mitumba yenye maandishi wasiyoyajua maana, wakaziita siku hizo enzi za ruksa, maana kila biashara ilikuwa imeruhusiwa.

Pengine ndiyo maana Mwalimu Muzdalifa, aliyefundisha historia darasa la sita, aliandika ubaoni: "Enzi ipi ilikuwa bora kuliko zote?" Akaligawa darasa makundi matatu. Kundi la Abbasi litetee enzi za ruksa. Kundi la Johari litetee enzi za Ujamaa. Kundi la Mashavu litetee enzi za mababu.

"Kutakuwa na midahalo miwili," alisema Mwalimu. "Wa kwanza kesho, humu darasani. Wa pili Siku ya Wazazi. Alama zitajumlishwa, na washindi watakwenda Kibiti kushindana na shule nyingine."

Kibiti! Mashavu alikuwa hajawahi kupanda gari maishani mwake, na Kibiti kulikuwa na barabara kuu yenye mabasi ya Dar es Salaam. Kundi lake likamchagua awe msemaji, kwa sababu alikuwa na akili darasani. Hawakujua kwamba msemaji wao alikuwa mwoga wa macho ya watu. Akisimama mbele ya wenzake ulimi ulimkauka na magoti yakaanza kugongana.

Jioni alimkuta Bibi uwanjani akisuka ukili wa mkeka.

"Bibi, nipe hoja. Wakati wenu mlikuwa na nini kizuri?"

Bibi alicheka. "Tulikuwa na meno, mdogo wangu."

"Bibi, sitanii!"

"Haya, kaa. Sie tulikuwa tukivuka Kinyasi kwa miguu. Pale pale Nguzoni. Maji yakipwa, unapita mpaka shamba, huulizi mtumbwi wala mwenye mtumbwi."

Mashavu akakaa vizuri. Nguzoni alipajua. Palikuwa mahali penye fungu la mchanga katikati ya mto, juu kidogo ya kivuko cha Mzee Mtoro. Hakukuwa na nguzo hata moja, wala hakuwahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi.

"Na mamba, Bibi?"

"Mamba walikuwepo, tena wengi. Ila waume walichomeka nguzo za mkoko pande mbili, karibu karibu, toka ukingo huu mpaka ule. Ikawa kama uchochoro, unapita katikati. Mamba anakuona, hakupati. Na kila mafuriko yakiisha, kijiji kizima kinashuka kubadilisha zilizooza. Basi mwaka mmoja Mzungu wa magogo akaja kutafuta watu wa kukata mikoko. Waume wakamfuata. Nguzo zikaoza, hapana wa kuzibadilisha. Watu tukaendelea kupita tu, kwa mazoea. Siku hiyo mie niko mbele, mdogo wangu yuko nyuma..."

"Basi, Bibi," Mashavu alimkata kauli. "Hiyo ya mwisho siitaki. Itaniharibia."

Mikono ya Bibi ilisimama juu ya ukili. Kisha akarudi kusuka. Jioni ile hakutania tena.

Kesho yake darasa lilijaa mpaka madirishani, maana hata wadogo walikuja kutazama. Nusaiba alikuwa amejipenyeza mbele, ameketi sakafuni, anamtolea dada yake macho ya fahari. Johari alianza kwa kuusifu Ujamaa. Alisema shule yenyewe ilijengwa kwa mikono ya wote, na hata kengele yao, rimu kuukuu ya lori iliyoning'inizwa nje, ililetwa wakati ule kuwaita watu kwenye kazi za pamoja. Ikaja zamu ya Mashavu. Alisema maneno mawili matatu juu ya heshima ya zamani, sauti ikitoka kama ya mgonjwa. Kisha Abbasi akasimama. Kijana yule alizaliwa na mdomo.

"Ndugu Mwenyekiti, majaji, walimu na wanafunzi wenzangu! Leo mjomba wangu anakwenda Mbuchi na kurudi kabla chai haijapoa. Je, hao mababu walivuka Kinyasi kwa chombo gani? Na mamba aliwafanya nini? Naomba msemaji wao anijibu."

Darasa likaangua kicheko. Macho yote yakamgeukia Mashavu. Aliiona Kibiti ikienda zake, mabasi na barabara na vyote. Alijua vizuri jibu la kweli, kwamba walivuka kati ya nguzo, na nguzo zilipooza, kwa alivyomwelewa Bibi, mtu aliliwa. Lakini akilisema hilo, Abbasi atamrukia hapo hapo.

"Walivuka kwa miguu!" alisema, na sauti ikapanda yenyewe. "Pale Nguzoni, maji yakipwa. Mamba hawakuwagusa. Wazee wale walikuwa wanamjua mamba. Waliyapiga maji kwa fimbo, mamba akakimbia. Bibi yangu alivuka hivyo kila siku akiwa mtoto, na yupo mpaka leo!"

Makofi yalilipuka. Watoto walipiga madawati. Nusaiba aliruka juu na kupiga kelele, "Dada yangu huyo!" Abbasi akaketi kabla zamu yake haijaisha, jambo lisilotokea mara kwa mara.

Mwalimu Muzdalifa peke yake hakupiga makofi. "Habari hiyo umeipata wapi, Mashavu?"

"Kwa bibi yangu, Mwalimu."

"Ndiyo yote aliyokwambia?"

"Yote, Mwalimu."

Kundi la mababu likaongoza kwa alama. Mashavu alirudi nyumbani akisindikizwa na wenzake, lakini furaha ile haikushuka mpaka tumboni. Ile "yote, Mwalimu" haikumtoka masikioni. Jioni walikula wali. Bibi aliuliza tu, "Uliwaambia habari za nguzo?" na Mashavu akajifanya anakohoa.

Uwanjani Nusaiba alikuwa amejaza maji kwenye beseni na kuokota fimbo. "Toka, mamba! Toka!" alikuwa akisema, huku akiyachapa maji yakimrukia usoni. Mashavu alimwona. Hapo alikuwa na nafasi ya kumwambia kwamba dada ametia chumvi. Lakini angeanzia wapi? Mtoto yule na mdomo wake angeipeleka habari shule nzima. Akaenda kukoka moto.

Siku ya pili yake wadogo walitoka shule mapema kama kawaida, na darasa la sita wakabaki mpaka mchana. Mashavu alipofika nyumbani alimkuta Bibi anapepeta mchele.

"Shikamoo, Bibi. Nusaiba amekwenda?"

"Marahaba. Kaenda zamani, na kapu lake. Atarudi jioni."

Mashavu alishuka taratibu mpaka kivukoni kuosha vyombo. Pale alikuta heka heka za wanunuzi wa kamba. Masanduku ya barafu yalikuwa yamepangwa kwenye matope, mizani inaning'inia, na mtumbwi wa Mzee Mtoro umejaa kamba mpaka kwenye ukingo. Abbasi naye alikuwepo, akimsaidia mjomba wake kufunga boti.

"Shikamoo, Mzee Mtoro. Nusaiba umemvusha saa ngapi?"

Mzee Mtoro alijifuta jasho. "Leo sijavusha mtu, mwanangu. Tangu asubuhi nabeba kamba wa hawa mabwana. Yule mtoto nilimwambia angoje."

"Kwa hiyo yuko wapi?"

"Aliniambia hangoji. Ati yeye anayo njia yake, dada yake kaifundisha shule nzima." Mzee Mtoro alicheka kidogo, kisha akamwona Mashavu uso ulivyobadilika, na kicheko kikakatika. "Nilidhani michezo ya watoto..."

Vyombo vilimponyoka Mashavu. Alikimbia kuelekea Nguzoni akipita kwenye matope, huku mizizi ya mikoko ikimchana miguu, na wala hakuhisi. Zilikuwa siku za bamvua, siku ambazo maji hupwa mpaka mto unabaki mifupa, halafu hujaa kwa kasi ya kutisha. Alikuwa akisema kwa sauti bila kujijua, "Asiwe ameingia. Ya Rabi, asiwe ameingia."

Nusaiba alikuwa ameingia. Alisimama katikati ya mto, juu ya fungu la mchanga, kapu kichwani. Maji yaliyokuwa yamempa njia yalikuwa yamekwisha kurudi pande zote mbili, na mchanga uliobaki haukutosha hata kutandika mkeka.

"Dada!" aliita, kwa sauti nyembamba. "Nimeyapiga maji, kama ulivyosema! Nimeyapiga sana! Lakini fimbo imechukuliwa!"

Upande wa chini wa fungu, mbali kidogo, kulikuwa na kitu kinachoelea kama gogo. Maji yalikuwa yanajaa, yanakwenda juu. Gogo lile halikwenda na maji. Lilitulia pale pale, kisha polepole likaanza kujisogeza kando, kuelekea kwenye mchanga.

Alitia mguu majini, akautoa. Akiingia, wataliwa wawili. Asipoingia, je? Hajawahi kuogopa hivyo, si mbele ya wenzake, si mbele ya Mwalimu, si popote.

Nyuma yake alisikia mtu anahema. Alikuwa Abbasi, amemfuata mbio kutoka kivukoni.

"Kengele!" Mashavu alipasua sauti. "Abbasi, kapige kengele ya shule! Mjomba wako aje na boti!"

Abbasi aliona gogo lile, akaelewa, akageuka. Kijana yule alitimka kuelekea shuleni.

"Nusaiba! Usitie mguu majini! Simama katikati, rusha kapu mbali, upande wa huku chini! Piga kelele!"

"Chakula cha mama..."

"Rusha!"

Kapu liliruka, likaangukia majini. Gogo likazama palepale. Hapo Mashavu akatamani lisingezama, maana heri kulijua lilipo kuliko kutolijua. Nusaiba alilia kwa kelele, na Mashavu naye akalia kwa kelele, huku akiokota madongo ya matope na kuyatupa majini.

Ndipo rimu ikalia. Ililia kwa fujo, ngwa! ngwa! ngwa! saa ambayo kengele haikuwa na kazi. Wazee waliokuwa na umri wa kukumbuka walijua kengele ya namna hiyo si ya wanafunzi. Abbasi akawapigia ukelele wa Nguzoni, na watu wakateremka kutoka kila upande, wakiwa na debe, sufuria, michi, chochote chenye kelele. Na mbele yao wote, khanga imemdondoka begani, miguu peku kwenye matope, alikuja Bibi Zabibu, yule wa magoti mabovu. Hakusimama ukingoni. Aliingia majini mpaka magotini, watu wakamshika wamrudishe.

Boti ya mjomba wake Abbasi ilitokea kwenye kona ikinguruma, ikaelekea moja kwa moja kwenye fungu.

"Siyo huko!" Bibi alipiga ukelele uliosikika juu ya mashine na madebe yote. "Usije na chini! Visiki vya nguzo vimo humo, vitakuvunjia mashine! Zunguka juu! Zunguka juu, nakwambia!"

Boti ilipinda. Maji yalikuwa yamemfika Nusaiba vifundoni. Mkono mmoja ulimnyakua shati mgongoni, ukamtupa ndani ya boti kama furushi. Mawimbi ya boti yalipolifunika fungu, kitu kizito kiligeuka chini ya maji, mkia ukajipinda mara moja juu, halafu mto ukawa mtulivu.

Watu wengine walishangilia, wengine walikaa chini. Bibi alimpokea Nusaiba kutoka kwenye boti, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Alikuwa akirudia neno moja.

"Mashavu. Mashavu. Mashavu wangu."

"Bibi," alisema Mashavu, "mie niko hapa. Huyo ni Nusaiba."

Bibi alimtazama kwa macho yaliyojaa machozi. "Si weye ninayemwita."

Mashavu alielewa pale pale, amesimama kwenye matope. Yule aliyekuwa akipita nyuma, yule wa sehemu ya hadithi aliyoikataa, alikuwa na jina. Kumbe alipozaliwa yeye, Bibi ndiye aliyeomba mtoto apewe jina hilo, la mdogo wake aliyechukuliwa Nguzoni. Na "mdogo wangu" ya kila siku haikuwa utani.

Alipiga magoti mbele ya Bibi, akamwaga yote, mbele ya watu, huku kamasi zikimtoka: fimbo aliyoibuni, nguzo alizozificha, na ile "yote, Mwalimu". Alimaliza akisema, "Nilikukata kauli, Bibi. Ungemaliza, na mie ningeisema, Nusaiba asingeingia."

"Ningemaliza," alisema Bibi. "Miaka yote hii nasema magoti. Ilinipasa niwe nimekwisha kuimaliza zamani, hata bila kuombwa."

Siku ya Wazazi watu walikuwa wengi kuliko madawati. Mashavu aliposimama, magoti yaligongana vile vile, na ulimi ulikauka vile vile. Woga ule haukumhurumia hata kidogo. Ila safari hii alisema akiwa nao.

"Ndugu Mwenyekiti, ile siku ya kwanza niliwaambia uongo. Hapakuwa na fimbo. Palikuwa na nguzo, na zilikuwa kazi ya watu wote. Hizo ndizo sifa za enzi za mababu. Na hao hao mababu waliziacha zikaoza, mtoto akaliwa na mamba. Aliitwa Mashavu. Hilo nalo ni la enzi hizo hizo. Sina zaidi."

Hakukuwa na makofi. Mzee mmoja nyuma alikuwa akijifuta macho kwa kofia yake. Majaji walifuta alama za kundi lake za mdahalo wa kwanza, kama ilivyostahili. Kundi la Abbasi likashinda, na Abbasi, ambaye kwa kawaida angetamba mwezi mzima, akapeana mkono na Mashavu kwa aibu kidogo.

Mwalimu Muzdalifa alisimama mbele ya wanafunzi na wazazi.

"Nilipowapa swali hili," alisema, "sikutaka mzishangilie enzi kama timu za mpira. Nilitaka mzijue. Hakuna enzi iliyokuwa nzuri kwa kila mtu. Watu wa zamani walichomeka nguzo, na watu wa zamani wakaziacha. Ujamaa ulituachia kengele iliyotuita juzi, na ulituachia pia foleni za sabuni, tunazikumbuka. Ruksa imetuletea boti iliyomwokoa Nusaiba, na ruksa hiyo hiyo ndiyo iliyoutoa mtumbwi wa kivuko ukabebe kamba." Mzee Mtoro aliinamisha kichwa. "Wanangu, ukiisifu enzi kwa nusu ya habari, utashinda mdahalo. Lakini yupo mtu anayekuamini, na atakwenda kuikanyaga ile nusu uliyoificha. Semeni kweli, na muiseme nzima, hata kama inawapunguzia alama. Mashavu amepoteza safari ya Kibiti leo. Mimi kama mwalimu wake, leo ndipo namwamini."

Wiki iliyofuata Mwenyekiti wa kijiji aliamuru mtumbwi wa kivuko usibebe mzigo saa za kuvusha watoto. Halafu rimu ikapigwa, kwa utaratibu safari hii, na kijiji kikashuka Nguzoni wakati wa maji kupwa. Waume walichomeka nguzo mpya kando ya visiki vya zamani, zilizoletwa na boti ya mjomba wake Abbasi, ikazunguka juu kama ilivyofundishwa. Wazee wawili walikaa juu ya ngalawa wakilinda kwa mikuki. Abbasi alikuwa amekwisha kurudi kutoka Kibiti, na kwa kila nguzo iliyochomekwa alikuwa na habari ya basi.

Kazi ilipokwisha, watu walibaki ukingoni wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie kupita. Bibi Zabibu alipandisha khanga yake, akaingia kwenye uchochoro ule wa nguzo. Alikwenda hatua chache, akishika nguzo moja baada ya nyingine na kuitikisa kuona kama imeshika. Kisha alisimama. Hakugeuka.

"Mdogo wangu," aliita.

Mashavu alisikia woga ukimpanda tena kutoka kwenye nyayo. Aliingia majini, akamfikia Bibi, akampita, akasimama mbele yake. Ndipo akautafuta mkono wa Bibi nyuma yake, akaushika.

"Abee, dada," aliitika. "Leo wewe pita nyuma."